Ngome Iliyojengwa kwa Dhulma: Safari ya Siku Moja kutoka Ngana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, si mara moja wala mara mbili Qur'ani Tukufu inatuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Agizo hilo wengi wetu twalisoma kwa tajwidi nzuri, lakini miguu yetu haitoki barazani. Na tukitoka kwenda kutazama majengo ya kale, basi ni kwa kujifurahisha tu. Mtu wa Mombasa huwapeleka wanawe Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Mtu wa Unguja huipita Ngome Kongwe kila jioni akienda zake Forodhani. Mtu wa Kilwa anayo Gereza lake kule Kisiwani. Twasifu unene wa kuta, twapiga picha, twarudi nyumbani.

Leo nakualika kwenye ngome ya namna nyingine. Haina mnara wala lango la nakshi. Haiko kando ya maji ya chumvi. Iko mbali bara, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na usipoulizia waweza kuipita bila ya kujua kuwa umeipita. Lakini aliyeijenga ni mtu wetu: alisema lugha yetu, alivaa kanzu kama yetu, na alilitaja jina la Mwenyezi Mungu kama tulitajavyo. Kwa hiyo khabari yake yatuhusu zaidi ya khabari ya Mreno.

Ngana asubuhi

Tuchukulie kwamba umefikia kwa jamaa yako Ngana, katika wilaya ya Kyela. Ukiisha kusali alfajiri, toka nje utazame. Upande wa kaskazini umesimama mlima Rungwe. Mashariki, ng'ambo ya uwanda na maji ya ziwa, imejipanga milima ya Livingstone kama ukuta. Nchi ni ya rutuba na mvua nyingi: mpunga unaosifika Tanzania nzima, kakao, migomba, na michikichi. Wenyeji ni Wanyakyusa, watu wa adabu, na neno lao la shukurani, "ndaga", utalisikia mara nyingi kabla jua halijawa kali.

Kusini yako ndiyo mto Songwe, mpaka baina ya Tanzania na Malawi. Mto huu haupendi kukaa njia moja; katika uwanda huu wa chini huhamahama, mwaka huu hapa, mwaka ule pale, hata shamba la mtu likajikuta ng'ambo. Waliouweka kuwa mpaka hawakuwa Wanyakyusa wala Wangonde. Ni Waingereza na Wajerumani, katika mapatano yao ya tarehe 1 Julai 1890, walioketi Ulaya wakagawana watu wasiopata kuwaona. Watu wa ng'ambo zote mbili ni ndugu, na lugha zao, Kinyakyusa na Kingonde, zakaribia kuwa moja.

Nakuomba uutazame mto huu vizuri, kwani mwishoni mwa mwaka 1887 Wangonde wengi waliuvuka kwa kukimbia, kutoka ng'ambo ile kuja ng'ambo hii: wanawake na watoto migongoni, wazee wakishikwa mkono. Na waliyekuwa wakimkimbia ni mwenye ngome tunayokwenda kuitazama.

Sisi twavuka kwa raha, kwenye daraja la Kasumulu, hati zetu mkononi. Kutoka hapo barabara hufuata uwanda wa ziwa kusini mpaka mji wa Karonga.

Mlozi na biashara yake

Jina lake lilikuwa Mlozi bin Kazbadema. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye asili ya Kiarabu na ya Kiafrika, na alifika nchi ya Wangonde katika miaka ya 1880 kwa biashara ya pembe za ndovu. Hakuwa peke yake. Walikuwako wenziwe, mashuhuri wao ni Kopakopa na Msalema, na kila mmoja alikuwa na boma lake.

Ili uelewe mambo yaliyofuata, yakupasa kujua biashara ile ilivyokwenda. Mfanyabiashara wa bara mara nyingi hakuwa na mtaji wake. Matajiri wa Unguja, wengi wao Wahindi, walimkopesha nguo, shanga, baruti na bunduki. Hata Tippu Tip mwenyewe, kwa ukubwa wake wote, alikuwa akikopeshwa na tajiri Tharia Topan. Mkopo ule ulilipwa kwa pembe, na pembe zilipimwa kwa frasila. Ndovu wakipungua karibu na njia, msafara huenda mbali zaidi, na deni hukua. Na mwenye deni aliye na bunduki mia, akiwa katikati ya watu wenye mikuki, hujaribiwa na shetani. Hapo ndipo biashara ya pembe ilipochanganyika na biashara ya watu.

Na pembe hizo zilikwenda wapi? Zilikwenda Ulaya na Marekani, zikafanywa funguo za piano, mipira ya biliadi na vitana. Binti wa London aliyekuwa akijifunza kupiga piano hakujua ni shingo ngapi ziliingia kongwani ili yeye apate kupapasa kitu cheupe kilaini.

Basi, Karonga palikuwa na duka la kampuni ya Waskoti iliyoanzishwa mwaka 1878, kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la African Lakes Company. Ilikuja nyuma ya wamisionari wa Livingstonia, ambao meli yao ndogo, Ilala, ilianza kuelea ziwani mwaka 1875. Tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ili ikatwe barabara kutoka Ziwa Nyasa mpaka Ziwa Tanganyika, na mhandisi wake mkuu, James Stewart, alikufa Karonga mwaka 1883 kazi haijesha. Kampuni ilisema imekuja kuua biashara ya watumwa kwa biashara ya halali. Lakini pembe ilizonunua ilizinunua kwa nani? Kwa Mlozi na wenziwe. Ilitoa nguo, ikapokea pembe, na haikuuliza sana zilivyopatikana. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kampuni ilikuwa maskini wa vyombo. Pembe zilirundikana, malipo yakachelewa, na wafanyabiashara wakakaa wakingoja karibu na Karonga, wao na watumwa wao na ruga-ruga wao, yaani vijana wa bunduki wa kukodiwa. Wageni wakawa wengi, tena wenye silaha na wasio na kazi. Wangonde, waliokuwa wamewakaribisha na kuwapa mahali pa kujenga, wakaanza kuona wageni wamekuwa mabwana.

Ziwa dogo la Kambwe

Kabla hujafika Karonga, upande wa ziwani, pana mahali paitwapo Kambwe, ziwa dogo lenye matete marefu. Simama hapo kidogo, ndugu msomaji, hata kama moyo wako hautaki.

Katika mwaka 1887 ugomvi uliwaka baina ya watu wa Mlozi na Wangonde. Ulianza kwa damu ya mtu mmoja mkubwa wa Kingonde; vikafuata visasi, na baadhi ya Wahenga wakajiunga na upande wa Mlozi. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule Wangonde waliokwisha kufukuzwa vijijini mwao walikuwa wamejificha Kambwe, ndani ya matete. Ruga-ruga wakawazunguka. Wakayatia moto matete. Aliyetoka nje alipigwa risasi au akakamatwa, na aliyekimbilia majini alikutana na mamba. Wazungu wa kampuni walikuwa karibu, na mkuu wao wa Karonga, Monteith Fotheringham, aliandika khabari hizi katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1891.

Baada ya siku ile Mlozi alijitangaza kuwa Sultani wa Nkonde. Tazama mtu anavyojidanganya! Wangonde walikuwa na mfalme wao, Kyungu, ambaye makao yake matukufu yalikuwa kilimani Mbande tangu vizazi na vizazi. Mtu aliyekuja kununua pembe, akapewa kiwanja cha kujenga, amewachoma moto wenyeji wake ndani ya matete, kisha ajiita sultani wao.

Huenda utasema: khabari hizi ni za Mzungu, na Mzungu alikuwa na haja yake. Umesema kweli kwamba alikuwa na haja yake. Lakini Wangonde wenyewe wamezihifadhi khabari hizi, baba kwa mwana, na wao hawakuwa na kampuni wala kitabu cha kuuza. Nasi Waislamu tumeamrishwa katika Surat An-Nisaa tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Aya ile haikuteremka kwa ajili ya mambo mepesi.

Ngome yenyewe

Sasa tuingie Karonga. Sali adhuhuri yako, pata chakula, kisha uingie katika jumba la makumbusho la mji, lililofunguliwa mwaka 2004. Humo utaona mifupa ya mnyama wa kale wa ajabu aliyechimbuliwa katika nchi hii, na utakuta khabari za watu wake tangu zamani mpaka zama zetu. Ukitoka hapo, elekea magharibi, upande ule ule ilikopita barabara ya Stevenson kupanda vilimani. Huko ndiko aliko­kaa Mlozi, akaiweka ngome yake mahali ambapo msafara wowote uendao au utokao Tanganyika usingeweza kupita asiuone.

Usitarajie kuta za mawe na chokaa. Ngome ile ilikuwa ya miti na udongo: magogo yaliyosimamishwa wima, yakakandikwa udongo mwingi, na matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki. Ndani zilikuwamo nyumba, ghala, na mahali pa kuwafungia watu. Usiidharau kwa kuwa ni ya udongo. Ilisimama mbele ya Waingereza kwa miaka minane.

Mwishoni mwa Novemba 1887 watu wa Mlozi waliizingira stesheni ya kampuni Karonga kwa siku kadhaa, wakafukuzwa kwa msaada wa wapiganaji waliotoka ng'ambo ya Songwe, yaani kutoka nchi hii ya Kyela tuliyoiacha asubuhi. Mwaka 1888 akaja afisa mmoja kijana, Frederick Lugard, yule aliyekuja kutajika Uganda na Nigeria. Mwezi wa Juni aliishambulia ngome ya Kopakopa, akapigwa risasi iliyomjeruhi mikono yote miwili, akarudishwa nyuma. Mwanzoni mwa mwaka 1889 ukaletwa mzinga. Makombora yakatoboa udongo yakapita, na uzio ukabaki umesimama. Mawe yangalipasuka, udongo ulimeza tu.

Oktoba 1889 balozi Harry Johnston akafanya suluhu na Mlozi na wenziwe. Katika kuitafuta suluhu hiyo alisaidiwa na Mwislamu mwingine, Jumbe wa Nkhotakota, mtawala wa asili ya pwani ambaye naye kwao palikuwa pa biashara hiyo hiyo. Suluhu haikubadili tabia. Watu waliendelea kukamatwa, na misafara iliendelea kupita.

Mwezi wa Desemba 1895 Johnston, ambaye sasa alikuwa mkuu wa himaya ya Waingereza nchini humo, alikuja kwa meli na askari Makalasinga wa Kihindi, na askari wa Kiafrika, na mizinga. Safari hii ngome haikustahimili. Ilipoingiliwa, Mlozi hakuonekana. Akatafutwa, akakutwa amejificha ndani ya shimo lililochimbwa chini ya nyumba yake. Sultani wa Nkonde alitolewa chini ya ardhi kama panya buku. Wazee wa Kingonde waliketi wakamhukumu mbele ya Johnston, na katika siku chache za mwanzo wa Desemba hiyo akanyongwa. Mamia ya watu waliokuwa wamefungiwa ngomeni wakatoka, na ngome ikateketezwa.

Basi hapo uliposimama, msomaji wangu, ndipo palipokuwa na hayo yote. Watu wanalima na mbuzi wanakula majani. Ngome ya miti na udongo haiachi magofu ya kupigia picha. Soma Fatiha kwa ajili ya waliokufa wakiwa wamedhulumiwa, na kwa huyo mwingine mwachie Mola wake, kwani Yeye ndiye Hakimu.

Mizani yenye makopo mawili

Jamaa zetu, wanapotajiwa khabari hizi, hugawika mafungu mawili, na yote mawili yamekosea.

Fungu la kwanza husema: Wazungu walitusingizia. Wao ndio waliokuja kutawala, na utumwa walifanya kisingizio. Katika neno hili mna ukweli wa nusu. Ni kweli kwamba kampuni iliyomlaani Mlozi ilinunua pembe zake miaka mingi kabla ya kumlaani. Ni kweli kwamba mwisho wa vita Wangonde hawakupata uhuru, walipata bwana mpya aliyewatoza kodi ya nyumba. Na ng'ambo ya Songwe Mjerumani alifanya vivyo hivyo, akajenga boma lake Tukuyu, mji aliouita Neu Langenburg. Lakini uovu wa hakimu haumtakasi mshitakiwa. Mwizi akikamatwa na mwizi mwenziwe, mali iliyoibwa bado ni ya mwenyewe.

Fungu la pili, hasa vijana waliosoma, husema: kumbe dini yetu ndiyo iliyoleta haya. Hawa nao nawaomba wapime. Sheria yetu imesimamisha kwamba asili ya mwanadamu ni uhuru. Kumwacha mtumwa huru imefanywa kafara ya kiapo kilichovunjwa na ya kuua kwa kukosea, na katika mafungu manane ya zaka limo fungu la kukomboa shingo. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufikishia kwamba miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wale wa Kambwe walikuwa watu huru, nchini mwao, hawakuwa na vita na Uislamu wala hawakuujua. Kuwakamata ilikuwa haramu kabla ya kuwa kinyume cha mkataba wa Mwingereza. Mlozi hakufuata dini alipoyatia moto matete. Alifuata deni lake na tamaa yake.

Lakini haitoshi kusema hivyo tukanawa mikono. Tamaa ile ilivaa kanzu yetu. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, miaka minne tu baada ya Kambwe, wakajenga skuli na zahanati. Jiulize wewe mwenyewe: mama wa Kingonde aliyevuka Songwe na mtoto mgongoni, akisikia adhana baadaye, atakumbuka nini? Na akimwona mtu wa kanzu, atafungua mlango au ataufunga? Twashangaa kwa nini katika nchi ile Waislamu ni wachache. Sehemu ya jawabu iko pale walipo mbuzi.

Aliyekuwa mtumwa wa Bagamoyo

Sasa nikupe khabari ya pili, uilinganishe na ya kwanza.

Katika miaka ile ile ya misafara aliletwa pwani mtoto mdogo kutoka upande wa Manyema, akauzwa Bagamoyo, akaingia nyumba ya liwali, Amir bin Suleiman Al-Lamki. Mtoto yule hakuwa na ngome wala bunduki, wala jina la baba yake hatukulijua. Alifundishwa dini, akafanya biashara, akapata uhuru wake, akanunua mashamba. Lakini alichokusanya zaidi ni elimu. Akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, akafungua chuo, na wanafunzi wakamjia kutoka pwani na bara. Huyo ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad akashika nafasi yake.

Mmoja alifika bara na bunduki, mwingine alifika pwani na kongwa. Wa bunduki alijiita sultani, na leo hapana mtu anayelitaja jina lake kwa kumwombea. Wa kongwa hakujiita kitu, na watu wakamwita sheikh, na zawia yake ikasimama. Uislamu uliobaki bara ni ule uliopelekwa na walimu wa namna hii, watu wa uradi na ubao wa chuo, na wengi wao walitokana na wale wale waliouzwa.

Uzio uliobaki

Hadi hapa, ndugu msomaji, huenda umekaa raha ukisema: alhamdulillahi, mambo hayo yamekwisha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Wala sisi si kina Mlozi.

Nami nakuuliza: akija kijana kumposa binti yako, kijana wa sala tano, mwenye kazi ya halali na ulimi mzuri, neno la kwanza linaloulizwa barazani ni lipi? Laulizwa: asili yake wapi? Na ikinong'onwa kwamba bibi yake alikuwa Mnyasa, au Mmanyema, au Myao, aliyeletwa, je, posa haipozi? Mama hasemi neno, lakini kahawa haiongezwi. Mjomba hukohoa. Kisha kijana hupelekewa jawabu la adabu kwamba binti bado anasoma.

Nyanya yule aitwaye Mnyasa alitoka wapi, kama si katika nchi hizi za ziwa? Alitembea kwa miguu yake mpaka Kilwa, shingo yake kongwani, akiwa mtoto huru wa watu huru. Aliyefanya jambo la aibu ni aliyemkamata, aliyemuuza, na aliyemnunua. Inakuwaje basi leo aibu ikae juu ya mjukuu wa aliyedhulumiwa, na utukufu ukae juu ya mjukuu wa aliyedhulumu? Mlozi alijenga uzio wa magogo, nao ulianguka mwaka 1895. Uzio huu wa barazani ni wa maneno na kukohoa, na makombora hayauvunji, kwani kama udongo ule, humeza tu.

Wala usinitajie kufu kabla hujataja mwenendo wa Mtume wako (s.a.w.). Ni yeye aliyemwoza Zaid bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru, binti wa shangazi yake mwenyewe, Zainab bint Jahsh. Ni yeye aliyempa Usama mwana wa Zaid, naye kijana bado, uongozi wa jeshi lililokuwamo wakubwa wa masahaba. Na siku ya kufunguliwa Makka, aliyeamrishwa apande juu ya Alkaaba aadhini alikuwa Bilali. Walikuwapo Makureshi waliochukia siku ile. Tuangalie tusije tukawa nao safu moja.

Kurudi

Jua likianza kuinama, rudi Karonga, ushike njia ya kaskazini. Utavuka Songwe kabla ya magharibi. Ngana utakuta moshi wa jikoni, wali wa Kyela unapakuliwa, na watoto wanaimba njiani. Miongoni mwa watoto hao wamo bila shaka wajukuu wa vitukuu wa wale waliovuka mto usiku kwa kumkimbia mtu wa kanzu, wakapokewa na watu wa ng'ambo hii, wakalishwa, wakapewa mahali pa kujenga. Nao wakikuona wewe, mgeni kutoka pwani, watakuamkia kwa magoti na kukuletea maji ya kunawa.

Pokea maji yale kwa haya. Na ukirudi kwako Tanga, au Lamu, au Unguja, fanya mambo mawili. La kwanza, waambie wanao khabari hii kama ilivyokuwa, usiongeze wala usipunguze, wajue kwamba kuwa Mwislamu si kanga ya kufunikia uovu. La pili, akija mposaji, uliza dini yake na tabia yake, kisha uwaambie walioko barazani waongeze kahawa.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, na awarehemu wote waliokufa njiani, ambao majina yao Yeye peke yake ndiye ayajuaye. Amin.